Nenda kwenye namba, usiende kwenye jina

Mwezi uliopita, baada ya mazoezi, kijana wangu mmoja alibaki uwanjani wenzake walipokwisha kuondoka. Ana miaka 20, ni straika, na msimu huu amefunga karibu kila wikiendi kwenye mechi zetu za mchangani hapa Temeke. Siku ile alikuwa na timu mbili zinazomtaka. Ya kwanza ni kubwa, hata mama yake asiyefuatilia mpira anaijua kwa jina. Ya pili ni ya First League, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, iko mkoani, na kocha wake alipiga simu mwenyewe kusema hana mshambuliaji. Akaniuliza, "Kocha, ungekuwa wewe ungeenda wapi?"

Nikamwambia aende mkoani, kwenye namba, yaani nafasi ya uhakika ya kucheza. Alinyamaza, akaanza kufungua kamba za viatu polepole, nikaona nimemvunja moyo. Siku ile sikumweleza vizuri. Naandika ili nimweleze yeye, na wewe mdogo wangu unayesubiri dirisha la usajili lifunguliwe.

Nikiwa na miaka 21 nilikuwa winga wa kushoto, na mtaani kwetu watu walikuwa wanakuja uwanjani kunitazama mimi. Timu moja ya ligi ya juu ikaniita. Nilisaini siku hiyo hiyo, nimesimama, karatasi iko juu ya boneti ya gari, sikusoma hata ukurasa mmoja. Tulikuwa mawinga watano. Msimu mzima sikucheza dakika hata moja ya ligi. Nilikuwa nafanya mazoezi, nasugua benchi, na mechi za ugenini nilikuwa nabaki nyumbani kabisa. Mtaani nikawa naheshimika kwa sababu ya jezi, na heshima ile ndiyo iliyonifunga macho nisione ninachopoteza.

Kinachopotea si pumzi. Pumzi unaitunza kwa mazoezi. Kinachopotea ni ule uamuzi wa haraka: kujua beki anakuja kabla hujamwona, kupiga mpira kabla hujafikiri. Hivyo vinaletwa na mechi peke yake, mechi yenye refa na mashabiki wanaokutukana na beki ambaye naye anatafuta ugali wake. Niliporudi mchangani baada ya msimu ule nilikuwa nachelewa kila mpira. Nilikuwa na miaka 22, na sikurudi tena kuwa yule wa mwanzo. Nikajifunza kuchomelea vyuma, kazi ninayoifanya mpaka leo.

Miaka kadhaa baadaye nikaanza kumfuatilia Jamie Vardy, aliyekuwa straika wa Leicester City ya Uingereza. Vijana wangu wote wanamjua, ila wanaijua hadithi yake kwa kifupi mno: alikuwa anacheza ligi za chini, akafanya kazi kiwandani, kisha akawa bingwa wa Uingereza. Wakisimulia hivyo inaonekana kama mtu aliyeokotwa. Ukiifuata mwaka kwa mwaka, utaona ngazi ndefu ambayo kwa miaka mingi alipanda kidato kimoja kimoja.

Vardy ni mtoto wa Sheffield. Klabu aliyoishabikia tangu utotoni, Sheffield Wednesday, ilimtema akiwa na miaka 16 kwa sababu ya umbo lake dogo. Akaenda Stocksbridge Park Steels, timu ya mji mdogo wa viwanda vya chuma pembeni ya Sheffield, akaanza na vijana, na mwaka 2007 akaingia kikosi cha kwanza. Malipo yake yalikuwa pauni 30 kwa wiki. Mchana alikuwa kiwandani akitengeneza vifaa vya tiba vya kushikilia miguu ya wagonjwa. Waingereza wana madaraja manne ya kulipwa juu, na chini yake kuna madaraja mengine mengi ya watu wenye kazi zao. Stocksbridge walikuwa daraja la nane, wakapanda hadi la saba. Siwezi kusema ni mchangani kama kwetu, maana wana nyasi, uzio na tiketi getini. Lakini mchezaji anatoka kazini na begi lake kwenda uwanjani, sawa na vijana wangu.

Alikaa pale hadi 2010. Watu wengi wanaiona ile miaka kama ya kusubiri. Mimi naiona kama ndiyo iliyomtengeneza, kwa sababu alikuwa anacheza. Alikuwa kijana mwembamba anayekabwa na mabeki watu wazima wanaomkanyaga, na wiki inayofuata anarudi tena.

Karibu aiharibu mwenyewe, na hilo nalo nawaambia vijana bila kuficha. Mwaka 2007 alipigana nje ya baa, akahukumiwa, akafungwa kifaa cha kielektroniki mguuni kwa miezi sita, na ilimpasa awe nyumbani saa kumi na mbili jioni. Mechi za mbali alikuwa anatolewa mpira haujaisha, anaruka uzio, wazazi wake wanamsubiri kwenye gari. Ugomvi wa usiku mmoja ulimla dakika zake nusu mwaka.

Sasa angalia vidato. Mwaka 2010 Halifax Town wakamnunua kwa pauni 15,000. Halifax walikuwa daraja lile lile la saba! Hakupanda hata kidogo, alikwenda tu kwenye timu yenye nia ya kupanda, akafunga, wakachukua ubingwa na kupanda hadi la sita. Agosti 2011 akaenda Fleetwood Town, daraja la tano, akafunga mabao 31 ya ligi, wakachukua ubingwa nao. Kila alipokwenda alikuwa ndiye straika wa kwanza.

Halafu Mei 2012 Leicester wakalipa pauni milioni moja, fedha ambayo haikuwahi kulipwa kwa mchezaji wa madaraja yale. Leicester walikuwa daraja la pili. Kwa mara ya kwanza aliruka, tena vidato viwili vizima, na palepale akateleza: mabao manne katika mechi 26 za ligi. Mashabiki wakamchoka. Yeye mwenyewe akafikiria kuacha mpira. Kocha Nigel Pearson na msaidizi wake Craig Shakespeare ndio waliokaa naye wakamwambia anatosha kuwa pale. Msimu uliofuata akafunga 16 na Leicester wakapanda Ligi Kuu. Alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu akiwa na miaka 27. Yaliyofuata unayajua: mechi 11 mfululizo akifunga mwaka 2015, ubingwa wa 2016 chini ya Claudio Ranieri, kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora wa ligi mwaka 2020 akiwa na miaka 33, na alipoaga Leicester Mei 2025 alikuwa na mabao 200 katika mechi 500.

Ule msimu wa mabao manne ndio ninaoufikiria zaidi. Mtu mwenye miaka mitano ya mechi za wakubwa mwilini, aliyetoka kufunga mabao 31, aliruka akakaribia kuvunjika. Wewe unayetoka mechi za mtaani, huna hata msimu mmoja wa ligi yenye ratiba, utasimamaje? Na je, una uhakika utampata kocha wa kukaa nawe chini ukishindwa? Mimi sikumpata. Kocha aliyenisajili aliondoka baada ya miezi miwili, na aliyekuja hakujua jina langu.

Kwa hiyo wakikuita, uliza. Kuna wangapi wanaocheza nafasi yako, na nani alianza mechi tano zilizopita? Nisipopata namba hadi dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, mtanitoa kwa mkopo? Muulize kocha mwenyewe, maana wakala atakujibu anachotaka usikie. Uliza nikiumia nani analipa hospitali, na mshahara unaendelea? Kisha omba karatasi uende nayo nyumbani. Anayekuambia saini sasa hivi au nafasi inaondoka, muogope. Mpe mtu anayeweza kusoma mkataba, hata kama ni mwalimu wako wa zamani, akusomee kila mstari pamoja na muda wa kuisha. Mimi nilifungwa miaka mitatu bila kujua, na timu moja ya mkoani iliponitaka kwa mkopo sikuweza kwenda.

Kuhusu kazi: usiione aibu kuwa na kazi, ila chagua saa zake. Nina kijana anayeoka mikate usiku, ana kipaji kuliko wote nilionao, na kila akija mazoezini saa kumi jioni macho mekundu. Tunamtafutia kibarua cha asubuhi. Bodaboda inawezekana ukiwa na nidhamu ya kupaki pikipiki muda wa mazoezi unapofika, hata kama abiria bado wapo.

Wengine huniambia Vardy ni Mwingereza, kwao mambo yamenyooka. Basi mtazame Mbwana Samatta, mtu wa hapa hapa Mbagala. African Lyon, kisha Simba, kisha TP Mazembe kule Lubumbashi mwaka 2011, na hapo akatulia karibu miaka mitano, akacheza, akafunga, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika 2015. Ndipo Genk ya Ubelgiji, miaka minne mingine. Januari 2020 alipoingia na jezi ya Aston Villa ya Uingereza kwa mara ya kwanza, nusu fainali ya Kombe la Ligi, wapinzani walikuwa Leicester. Tulikuwa tumejazana kwenye kibanda umiza, watu wazima wanalia. Mimi nililia pia. Tangu Lyon hadi usiku ule ilikuwa zaidi ya miaka kumi, na karibu yote alikuwa uwanjani anacheza.

Yule kijana wangu aliondoka wiki mbili baadaye, na begi moja na viatu pea mbili, kuelekea mkoani. Mama yake hakufurahi, na bado hajaniambia kwamba ameridhika. Jumapili iliyopita kijana alinipigia usiku. Alikuwa amecheza dakika zote 90. Timu yake ilifungwa, na yeye hakufunga. Alikuwa anaongea haraka haraka, ananieleza habari za beki aliyemkaba kipindi chote cha kwanza, na jinsi alivyogundua kipindi cha pili kwamba yule beki hageuki vizuri akipelekwa kushoto. Nilimwacha aongee mpaka salio lake likaisha.