Tumenyimwa nafasi katika shule ya Kikatoliki: je, barua ya paroko itasaidia rufaa?

SWALI: Sisi ni familia kutoka Bukoba, tunaishi Birmingham. Tulimwombea binti yetu nafasi ya darasa la Reception, yaani la kuanzia kabla ya mwaka wa kwanza, katika shule ya msingi ya Kikatoliki iliyo jirani na nyumbani, tukaiweka ya kwanza katika orodha. Tarehe 16 Aprili tulijulishwa kwamba amekosa, na amepewa shule nyingine iliyo mbali zaidi. Barua inasema watoto 30 wamekwisha kuchukuliwa, na kwamba binti yetu aliwekwa katika kundi la mwisho, la "watoto wengine", kwa sababu fomu yake ya taarifa za nyongeza haikupokelewa. Sisi ni Wakatoliki tangu mababu, mtoto amebatizwa, na misa ya Jumapili hatukosi. Mtu mmoja tunayesali naye anasema tutafute barua nzito ya paroko, naye atatuandikia rufaa kwa pauni 350, na ushindi ni wa uhakika. Je, barua hiyo itasaidia? Na je, tuikatae shule tuliyopewa ili rufaa yetu iwe na nguvu?

JIBU: Mama, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye haraka. Msiikatae shule mliyopewa. Kuikubali hakupunguzi nguvu ya rufaa hata kidogo, wala hakumwondoi binti yenu katika orodha ya wanaosubiri nafasi ya shule mnayoitaka. Mkiikataa, halmashauri inaweza kusema kwamba imekwisha kutimiza wajibu wake kwenu, na Septemba ikafika mtoto hana pa kwenda.

Kuhusu barua ya paroko, jibu langu ni kwamba kwa rufaa ya aina yenu haitasaidia. Kila mwaka, kuanzia nusu ya pili ya Aprili, naletewa mafaili yaliyojaa barua za mapadri, wachungaji na maimamu zilizoandikwa baada ya mtoto kukosa nafasi, pamoja na vyeti vya ubatizo, picha za komunyo ya kwanza ya kaka mkubwa na shukrani za kwaya. Wazazi wamezikusanya kwa jasho na kwa imani safi. Wamekusanya ushahidi wa jambo ambalo jopo la rufaa haliulizi.

Jopo halipimi imani ya familia. Hapo ndipo watu wetu wengi wanapopotea, na inaniuma kwa sababu wanaopotea ni wazazi waaminifu, waliozoea kwamba mtu akionewa huenda kwa mkubwa akaeleza hali yake akasikilizwa. Rufaa ya nafasi ya shule nchini Uingereza haiendeshwi hivyo. Jopo la watu wasiopungua watatu, wasiohusika na shule hiyo, linakaa kuangalia kama uamuzi wa shule ulifuata sheria na vigezo ambavyo shule yenyewe ilivitangaza kabla ya kupokea maombi. Paroko anaweza kuandika kwa dhati kabisa kwamba anawafahamu na kwamba ninyi ni nguzo ya parokia, lakini barua yake ya mwezi Mei haiwezi kugeuka taarifa iliyokuwa mezani kwa shule wakati maombi yalipokuwa yakipangwa.

Kwenu jambo hilo ni zito zaidi kwa sababu ya idadi ya watoto. Sheria ya mwaka 1998 inaagiza kwamba madarasa ya Reception, mwaka wa kwanza na mwaka wa pili yasizidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Shule iliyojaza 30 ikimwongeza wa 31 italazimika kutafuta mwalimu mwingine au kuvunja sheria. Ndiyo maana rufaa za namna hii zina milango mitatu tu. Wa kwanza ni kuonyesha kwamba kumwongeza mtoto wenu hakutavunja kikomo hicho. Wa pili ni kuonyesha kwamba vigezo vya shule vilikwenda kinyume na sheria, au vilitumiwa kimakosa, na kwamba bila kosa hilo mtoto angepata nafasi. Wa tatu ni kuonyesha kwamba uamuzi haukuwa miongoni mwa yale ambayo mamlaka yenye busara ingeweza kuyaamua, na huu umebanwa mno: jopo kuona kwamba lenyewe lingeamua vingine hakutoshi kuufungua. Huruma, umbali wa shule mliyopewa, kazi za zamu za baba, hata shauku halali ya kumlea mtoto katika imani yenu, vyote vinabaki nje ya milango hiyo.

Mlango wenu, kama upo, ni wa pili, na ufunguo wake ni ile fomu mliyoitaja kwa neno moja tu.

Wengi wetu hatukuelezwa kwamba maombi ya shule ya dini yana safari mbili. Maombi yenyewe yanakwenda halmashauri, na mwisho wake ni tarehe 15 Januari. Fomu ya taarifa za nyongeza, ile inayouliza ubatizo na mahudhurio ya kanisani na ambayo shule nyingi hutaka paroko aitie saini, kwa kawaida inakwenda moja kwa moja katika ofisi ya shule. Mzazi anajaza ukurasa wa halmashauri, anaona ujumbe wa kupokelewa, anapumua. Shule isipopata fomu, haina msingi wa kumhesabu mtoto kuwa Mkatoliki, hata kama mwalimu mkuu anawaona misani kila wiki. Inamweka katika kundi la wengine, na kwa kufanya hivyo inakuwa imefuata vigezo vyake sawasawa.

Kwa hiyo kaeni chini, wewe na baba yake, mjibu swali hili kwa ukweli: fomu mliipeleka lini, kwa nani, na mna nini cha kuthibitisha? Kama mliipeleka kwa wakati na shule ikaipoteza, hilo ni kosa la shule, na rufaa yenu ina uzito. Kama mliiambatanisha kwenye maombi ya halmashauri, someni tena maelekezo yaliyotolewa mwaka wenu, maneno yale yale yaliyochapishwa; kama yalisema ipelekwe kwa mojawapo, au kama ofisa fulani aliwaandikia kwamba ataifikisha, hapo pana hoja. Na kama hamkuipeleka kabisa kwa kuwa hamkujua ipo, nitakuwa mkweli kwenu: hoja inakuwa nyembamba sana, na itabaki tu ikiwa maelekezo yenyewe yalikuwa ya kumpoteza mtu.

Naikumbuka rufaa moja niliyohudhuria pamoja na mama mmoja wa rika lako. Alikuja na bahasha nene, akaanza kupanga mezani cheti cha ubatizo, kitabu cha michango ya parokia na barua tatu za mapadri. Mwenyekiti wa jopo, mwanamke mpole sana, alimsubiri amalize, kisha akamuuliza, "Fomu mliituma siku gani?" Mama akatoa simu. Kulikuwa na barua pepe ya tarehe 9 Januari kwenda ofisi ya shule, fomu imeambatanishwa, na chini yake jibu lililojituma lenyewe kwamba ujumbe umepokelewa. Mwakilishi wa shule aliisoma mara mbili, akanyamaza. Mtoto alipata nafasi, na katika barua ya uamuzi hakuna karatasi hata moja ya ile bahasha nene iliyotajwa.

Lakini kosa la shule peke yake halitoshi, na hapa hata mawakili wazuri huteleza. Ni lazima muonyeshe kwamba bila kosa hilo binti yenu angekuwa miongoni mwa wale 30. Iandikieni shule leo mwombe idadi ya watoto waliochukuliwa katika kila kundi la kipaumbele, na umbali wa mtoto wa mwisho aliyepata nafasi katika kundi la Wakatoliki. Kanuni za rufaa zinailazimu shule kutimiza maombi ya busara ya taarifa ambazo mzazi anazihitaji kuandaa hoja yake, kwa hiyo msione haya. Jibu likija kwamba Wakatoliki waliochukuliwa ni 22 na wanane waliobaki ni wa makundi ya chini, hesabu iko upande wenu, kwa kuwa mtoto aliyebatizwa angetangulia mbele ya hao wanane. Likija kwamba wote 30 ni Wakatoliki na wa mwisho anaishi karibu na shule kuliko ninyi, basi hata fomu ingefika asingepata, na jopo litasema hivyo.

Kwa wasomaji wengine niongeze kwamba si kila shule iko katika hali hii. Shule inayopokea watoto 26 kwa sababu ya udogo wa chumba, na isiyopanga kuwachanganya na darasa jingine wakafika 30, rufaa yake ni ya kawaida: shule ikishathibitisha kwamba mtoto wa ziada ataleta madhara, jopo linapima madhara hayo dhidi ya sababu za mzazi kuitaka shule hiyo, na huko maelezo ya malezi ya kidini yana nafasi yake. Zipo pia shule za Kianglikana ambazo udahili wake uko mikononi mwa halmashauri na ambazo haziulizi dini kabisa. Someni vigezo vya shule yenu, msisome vya shule ya jirani.

Sasa huyo bwana wa pauni 350. Hapana mtu anayeweza kuahidi ushindi katika rufaa ya darasa la watoto 30, na anayeuahidi kabla hata ya kuuliza fomu ilitumwa lini haijui kazi anayoiuza. Tanzania tunawaita vishoka, na huku wamepata soko kwa sababu mfumo ni mgumu na lugha si yetu. Nimesoma rufaa walizoandika: kurasa nne za haki za binadamu na uhuru wa kuabudu, bila tarehe hata moja ya fomu. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu unaitaka serikali iheshimu imani ya wazazi katika elimu, lakini haumpi mzazi haki ya kiti katika shule fulani. Wala hoja ya mababu haiwafikishi popote. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, katika kesi ya shule ya Kiyahudi ya JFS ya London, kwamba kuchagua watoto kwa kufuata asili ya mama yao ni ubaguzi wa rangi uliokatazwa na sheria, na shule za Kiyahudi zikalazimika kugeukia ushahidi wa ibada. Udahili wa kidini unakwenda kwa matendo yaliyoandikwa na kuwasilishwa kwa wakati, na kila mwombaji anapimwa kwa kipimo hicho hicho.

Kukata rufaa hakulipiwi. Fomu yake mnaweza kuijaza kwa Kiingereza cha kawaida, mkasema: tulituma fomu tarehe fulani, huu ndio uthibitisho, kwa vigezo vyenu mtoto alistahili kundi hili, na kwa takwimu zenu angepata nafasi. Mistari kumi inatosha. Siku ya kusikilizwa mnaruhusiwa kufuatana na ndugu au rafiki wa kuwasemea, na kama Kiingereza kinawapa shida, mjulisheni karani wa jopo mapema kwamba mtahitaji mkalimani. Muda wa kuwasilisha hauwi chini ya siku 20 za shule tangu mlipojulishwa, na tarehe kamili imo katika barua mliyopewa, pamoja na mahali pa kupeleka, ambapo panaweza kuwa shuleni wala si halmashauri. Ushahidi mlio nao utumeni mapema, msisubiri siku ya kikao.

Kinachonitia hofu kuliko pesa zenu ni yale ambayo vishoka huyaongeza pale barua ya kwanza isipofaa. Wapo wanaoshauri paroko aombwe kuweka tarehe ya Desemba katika karatasi aliyoitia saini mwezi Mei. Wapo wanaouza anwani ya binamu anayeishi nyuma ya shule. Wapo waliowaambia wazazi Waislamu wamtafute imamu yeyote atie sahihi, hata kama hajawahi kuwaona msikitini kwake. Kanuni za udahili zinairuhusu shule kuifuta nafasi iliyopatikana kwa maombi ya udanganyifu, na nimeshuhudia barua ya namna hiyo ikimfikia mzazi mwishoni mwa Agosti, sare imekwisha kununuliwa, jina la mtoto limekwisha kushonwa kwenye sweta. Kishoka alikuwa amebadilisha namba ya simu. Paroko aliyetia saini aliitwa kujieleza, na tangu mwaka ule familia zote za parokia ile, zikiwemo zilizokuwa hazijui lolote, zinatakiwa kuingia katika daftari la mahudhurio kwa miezi kadhaa kabla fomu zao hazijasainiwa.

Mkishindwa, jina la binti yenu libaki katika orodha ya wanaosubiri, ambayo shule inapaswa kuitunza angalau hadi tarehe 31 Desemba. Orodha hiyo hupangwa kwa vigezo vile vile na si kwa nani aliyetangulia kujiandikisha, kwa hiyo hapo, na hapo tu, karatasi za paroko zina kazi: ulizeni shule kama itapokea sasa fomu ya nyongeza iliyokamilika na kumpanga upya mtoto katika kundi la Wakatoliki. Familia huhama kati ya Juni na Oktoba, na nafasi inapopatikana huenda kwa aliye juu ya orodha siku hiyo.