Kubadilisha chipu ya CIA kwenye bodi ya Amiga 1200

Kishale kinatembea vizuri, kitufe cha kulia cha mausi kinaitikia, cha kushoto kimya. Umejaribu mausi nyingine, hali ni ileile. Kwenye Amiga 1200, kompyuta ya Commodore, mwendo wa kishale husomwa na chipu ya Lisa na kitufe cha kulia na Paula, lakini kitufe cha kushoto hupitia CIA A, chipu ya kuunganisha kompyuta na vifaa vya nje, yaani 8520 inayopokea pia kibodi na kuhudumia poti ya printa. Muuaji wake wa kawaida ni mtu aliyechomeka printa mashine ikiwa imewashwa.

Usikimbilie bloa ya hewa moto. Mashine hizi zilitoka 1992, na kapasita zake ndogo za juu ya bodi huvuja. Majimaji yake hula shaba, na njia iliyokatika hutoa dalili zilezile za chipu iliyokufa. Pima kutoka tundu la mausi hadi mguu wa chipu: omu chache au makumi kadhaa si tatizo, kusipopita kitu, tengeneza njia na uiache chipu.

Commodore ilifilisika 1994, kwa hiyo utapata chipu ya akiba ya zamani au iliyong'olewa kwenye bodi mbovu. Tafuta ya PLCC, yaani ya mraba yenye miguu mifupi pande zote nne, jumla 44. 8520 ya Amiga 500 ina miguu mirefu ya kupenya bodi, haitakaa. Sugua maandishi kwa asetoni. Yakifutika kirahisi, kuna mtu aliyeyapaka upya.

Ng'oa kwanza kapasita zilizo karibu, maana hewa moto huzipasua, na zilikuwa za kubadilishwa hata hivyo. Funika soketi za plastiki kwa tepu ya kuhimili joto. Paka fluksi (dawa inayosaidia risasi kushika), ongeza risasi mpya ya kuchomelea kwenye kila mguu, kisha pasha bodi kwa chini hadi nyuzi 100 hivi. Hapo ndipo uweke bloa kwenye 350 na kuizungusha bila kusimama. Risasi huyeyuka kwenye 183, lakini miguu ya graundi imeungana na shaba pana inayonyonya joto, hivyo huachia mwisho. Isukume chipu kidogo kwa kibano: ikiteleza yenyewe, inyanyue wima. Ukiivuta kabla, pedi (vipande vya shaba ambavyo miguu huchomelewa) zinakuja nayo, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika kazi hii.

Risasi ya bismathi inayoyeyuka kwa joto dogo hurahisisha mambo kwa asiye na bloa, ila ifute yote kwa utambi wa shaba. Ikichanganyika na risasi ya kawaida, kiungo huwa dhaifu.

Unapoweka chipu mpya, kumbuka mguu namba 1 wa PLCC haupo kwenye kona. Upo katikati ya upande, wa sita kati ya 11, mbele ya kitone. Kona iliyokatwa ilingane na mchoro wa bodi. Shikiza kwa risasi kidogo kona mbili zinazotazamana, kagua pande zote nne kwa lenzi, ndipo uchomelee iliyobaki kwa nyuzi 330.

Ukipenda soketi, pima kwanza nafasi chini ya kibodi, kisha kata sakafu ya plastiki ya soketi ili ncha ya kuchomelea ifikie miguu kwa ndani.

Kabla ya kuwasha, pima omu kati ya njia ya volti 5 na graundi. Ikisoma sifuri, tafuta miguu iliyoshikana.