Zawadi ya siku ya funguo si huduma

Mhariri, mmeuliza wiki hii: dalali wa nyumba afanye nini cha ziada kwa mnunuzi? Wengi watataja usafiri wa bure na zawadi siku ya kukabidhi funguo. Hayo ni mapambo. Kazi ya ziada yenye thamani hufanyika kabla mnunuzi hajatia saini, na baadhi yake inaweza kuyavunja mauzo yenyewe.

Aanze na hesabu. Karatasi moja iwe na bei, ada ya mwanasheria, kodi na ada za uhamisho, gharama za mkopo kama upo, bima, matengenezo ya lazima na kuhamisha vyombo. Jumla hiyo itolewe kwenye fedha alizonazo mteja, pamoja na mkopo kama upo. Ikimwacha bila akiba ya miezi mitatu ya matumizi, aambiwe atafute nyumba ya bei ya chini, hata kama kamisheni itapungua. Na dalali aseme waziwazi nani anamlipa. Akilipwa na muuzaji, mnunuzi ana haki ya kulijua hilo mapema.

Kwenye nyumba, kuonyesha vyumba hakutoshi. Funga bomba zote, soma mita ya maji, subiri nusu saa, soma tena. Mita ikiwa imesogea, huenda kuna mahali panavuja, mara nyingi kwenye tanki la choo au chini ya sakafu. Kisha fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, uvute na choo. Presha ikianguka ghafla, huenda bomba ni jembamba au limeziba kwa kutu. Jaza sinki na beseni zote, uziachie kwa mpigo: maji yakipanda bafuni au choo kikigugumia, njia ya majitaka ina kizuizi au haipumui. Majaribio haya hayafiki saa moja, na muuzaji anayeyakataa ameshajibu.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali, au unaotoka kona ya dirisha kwa mshazari ukiwa na upana wa zaidi ya milimita 5, uitiwe mhandisi. Huenda msingi unatitia. Chumba chenye ukuta mmoja tu uliopakwa rangi juzi kichunguzwe zaidi ya vingine, maana rangi mpya huficha unyevu kwa muda. Tochi ipande darini: madoa kwenye kenchi yanaonyesha paa lilivuja, hata kama leo mbao ni kavu.

Miadi ya kwanza huwa saa nyumba inapopendeza. Dalali amrudishe mteja usiku, asubuhi ya siku ya kazi, na ikiwezekana mara tu baada ya mvua kubwa.

Hati ni kazi ya mwanasheria, lakini dalali alinganishe jina lililomo na kitambulisho cha muuzaji, aulize kama kuna mwenza au warithi, na amwite mpima ardhi mipaka isipoonekana. Chumba kilichoongezwa uani bila kibali kinaweza kukataliwa na benki wakati wa kuthamini nyumba, au kuamriwa kibomolewe. Malipo ya awali yasipite mkononi mwa dalali. Yaende akaunti iliyotajwa kwenye mkataba.

Ugomvi mwingi wa mwisho huwa juu ya vitu vidogo. Pampu, tanki, hita ya maji, mapazia: kinachobaki kiandikwe kimoja kimoja kwenye mkataba. Siku moja kabla ya kukamilisha malipo, mteja aikague nyumba tena na orodha hiyo mkononi, mita zipigwe picha, vyoo vivutwe upya. Vitasa vya milango ya nje vibadilishwe siku hiyohiyo ya makabidhiano, kwa kuwa hakuna ajuaye nakala ngapi za funguo zilichongwa.