Feni ya hita inapuliza namba nne tu: usikimbilie kununua blowa nzima

Mkuu, nimesoma swali lako: feni ya hita, swichi ikiwa namba moja mpaka tatu, kimya. Namba nne inapuliza, ila inalia kwi-kwi-kwi mpaka watoto kiti cha nyuma wanaiigiza. Fundi kakwambia blowa (yaani mota pamoja na feni lake) imekufa, leta hela ununue nzima, na wewe mwezi wa saba unapanda Lushoto, kwenye milima ya baridi, na familia. Gari langu liliwahi kuugua hivyohivyo, nikalitibu hapa nyumbani Chumbageni kwa hela ya vocha na mafuta ya cherehani, kwa hiyo vumilia maelezo marefu.

Kwanza niwajibu waliokucheka hapo juu, eti "Tanga na hita wapi na wapi". Wakuu, feni ya hita na feni ya AC ni hiyohiyo moja. Ikifa hiyo, hata kompresa iwe mpya na gesi imejaa, ubaridi utabaki umejifungia ndani ya dashibodi na nyie mnaloa jasho Barabara ya Ishirini. Halafu mtu ambaye hajapandisha Mombo kwenda Soni asubuhi ya mwezi wa saba asiongelee hita. Ukungu unashuka barabarani, watu watano wanapumua ndani ya gari, kioo kinafunga, upande mmoja jabali na upande wa pili bonde. Pale dereva anafuta kioo kwa kiganja huku anakata kona.

Turudi kwako. Kama namba nne inapuliza, mota haijafa, fyuzi ni nzima na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) ni nzima. Gari lenye swichi ya kuzungusha kwa mkono, namba za chini umeme wake unapitia kwenye rezista, ambayo ni vijiwaya vya kujikunja vinavyobana umeme ili feni izunguke taratibu. Namba nne haipiti huko, inakwenda moja kwa moja. Kwa hiyo mara nyingi aliyekata roho ni rezista. (Wenye gari ambalo hita unaichagulia nyuzi za joto kwa vitufe nayo inajirekebisha yenyewe, maelezo haya hayawahusu sana, kwenu mara nyingi anayebana umeme ni transista, na tiba yake ni nyingine.)

Sasa mafundi wengi huishia hapo. Wanabadilisha rezista, feni inapuliza namba zote, unalipa, unaondoka. Ile rezista mpya Tanga tunaiita waja leo waondoka leo: haikai, inaungua tena. Maana hakuna aliyejiuliza kwa nini ya kwanza iliungua, na jibu unalo masikioni: kwi-kwi-kwi. Bushi ya mota (kipete ambamo mhimili wake unazungukia) imekauka, mota inazunguka kwa tabu, na mota inayozunguka kwa tabu inakula ampea nyingi, yaani umeme mwingi, kuliko kawaida yake. Umeme huo wote unapita kwenye rezista. Juu ya hapo, rezista imewekwa makusudi kwenye njia ya upepo ili ipozwe na feni yenyewe. Upepo ukipungua kwa uchafu, moto unazidi huku kipoozeo kimepungua. Kwa hiyo anza na mota, rezista baadaye.

Chomoa waya hasi wa betri. Droo ya dashibodi upande wa abiria, kushoto, ifungue uitoe. Nyingi unabana kuta zake mbili kwa ndani inaachia, nyingine zina skrubu. Lala chali sakafuni, tochi mdomoni, utaiona mota chini ya dashibodi, duara jeusi lenye plagi ya waya mbili. Kwa kawaida imeshikwa na skrubu tatu. Ya nyuma kabisa itakutukanisha, tumia bisibisi fupi.

Kabla hujafungua skrubu za mota, tazama plagi. Mji wetu una chumvi hewani, na sisi tunaoegesha karibu na bahari shaba inaota ukijani haraka. Ukikuta plastiki imegeuka njano au imeyeyuka upande mmoja, hapo ndipo joto linapozaliwa: plagi imelegea, umeme unaruka badala ya kupita. Ukijani sugua kwa msasa laini, kisha vile vishikio vya ndani vibane kidogo kwa plaizi ya ncha nyembamba vishike. Iliyoyeyuka usiibembeleze. Nenda kwa wauza vipuri vya mtumba uombe plagi iliyokatwa pamoja na mkia wa waya wake, uunge kwa lehemu na kuifunika. Kupindapinda waya na kuzungushia utepe haitoshi, feni ikiwa kasi ya juu inavuta ampea nyingi, 15 hadi 20.

Mota ikitoka na feni lake, usishangae utakayoyakuta. Langu lilikuwa limejaa vijani vya mwarobaini, vile vyembamba, vimesagika na vumbi vikawa kama tambi kavu zilizosukwa kwenye meno ya feni. Vinaingia kupitia matundu ya chini ya kioo cha mbele, ukiegesha chini ya mti. Feni safisha kwa mswaki mkavu, na ukiona vibanio vidogo vya chuma vimebanwa kwenye meno yake, viache palepale. Vimewekwa kusawazisha uzito; ukiving'oa feni litatikisika na bushi itakwisha upya. Kama gari lako lina chujio la hewa ya ndani, lipo jirani hapohapo nyuma ya droo. Litoe ulione.

Zungusha feni kwa kidole. Feni lililo zima huzunguka na kuendelea kidogo baada ya kuliachia. Yako nabashiri itasimama papo hapo. Dondosha mafuta ya cherehani matone mawili pale mhimili unapoingia kwenye mota, zungusha, subiri, ongeza tone, geuza ufanye upande wa pili kama kuna nafasi. Grisi usiweke, bushi hizi ni za shaba yenye vitundu, zinafyonza mafuta mepesi, grisi inakaa juu tu. Na ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu inanyamazisha kelele kwa muda mfupi kisha inakausha kabisa, ndiyo maana wengi wanasema "nililainisha haikusaidia". Petroli ndiyo usithubutu, ndani ya mota kuna cheche.

Kwa tundu za pembeni utaziona kaboni mbili, vipande vya kupeleka umeme, zinazogusa shaba inayozunguka. Zikibaki fupi sana, tuseme chini ya milimita 5, wakati wake umefika. Hazihitaji kuwa za gari lako, ila ziwe za mota ya volti 12, zenye shaba ndani yake; za drili ya umeme wa nyumbani hazifai. Waulize wanaosuka mota kule Ngamiani. Chukua kubwa kidogo, isugue kwenye msasa mpaka iteleze vizuri kwenye nyumba yake, lehemu mkia wake. Shaba yenyewe iwe ya rangi ya kahawia safi. Ikiwa nyeusi ya masizi, ipitishie msasa laini sana huku ukiizungusha.

Jaribu nje ya gari: waya mbili nene kutoka kwenye betri, na fyuzi katikati, tafadhali. Shikilia mota vizuri maana inaruka. Ukigeuza chanya na hasi itazunguka kinyume, na feni la aina hii likizunguka kinyume bado linapuliza, ila kwa unyonge, kwa hiyo usidanganyike. Isikie. Ikivuma bila mlio, umemaliza kazi iliyo ngumu.

Rezista iko jirani na mota, skrubu mbili, plagi yake ina waya kadhaa. Itoe uangalie. Kwenye baadhi vijiwaya vimekatika kwa macho, hiyo tafuta ya mtumba, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na blowa nzima. Lakini mara nyingi waya ni mzima na kilichokatika ni fyuzi ndogo ya joto iliyolehemiwa katikati. Pima kwa mita: pande zake mbili hazisomani. Mafundi redio wanaziuza, zile za pasi na majiko ya wali, ila soma nyuzi za joto na ampea zilizoandikwa kwenye ile ya zamani ulete zilezile. Ukiilehemu moja kwa moja itaungua kwa joto la lehemu kabla hujaifunga, kwa hiyo bana mguu wake kwa plaizi ili joto liishie kwenye plaizi. Kuna watakaokushauri uruke hiyo fyuzi kwa kipande cha waya. Gari litapuliza, ndiyo, na siku mota ikikwama hakuna kitakachozuia plastiki ya dashibodi isishike moto. Vilevile fyuzi kubwa ya feni ikiungua usiweke ya ampea zaidi.

Jambo moja kabla ya safari. Feni likipuliza vizuri lakini upepo ukabaki baridi, usirudi kulaumu mota. Joto la hita linatoka kwenye maji ya rejeta, na magari mengi ya huku fundi alishang'oa thamostati (vali inayozuia maji yasiende kupozwa mpaka injini ipate moto) "kwa sababu ya joto la Tanga", au kaunganisha zile bomba mbili za hita zisipeleke maji ndani. Fungua boneti ufuate bomba mbili za mpira zinazoingia kwenye ukuta wa injini: gari likishapata moto, zote mbili ziwe za moto. Na ukifika kwenye ukungu washa hita pamoja na AC, hewa iwe ya kutoka nje, si ya kuzunguka humohumo. AC inakausha unyevu, hita inapasha kioo.

Ukiifungua piga picha ya plagi na ya kaboni uziweke hapa, nitakwambia kama zinafaa kubaki.