Shangazi, panya wamehamia darini

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mpangaji huku Mbagala, chumba na sebule, dari ya jipsam. Ikifika saa nne usiku ni mbio juu ya kichwa mpaka alfajiri. Wametoboa mfuko wa unga, wametafuna waya wa friji, mpaka madaftari ya mwanangu. Nikanunua sumu kwa wale wanaopita na spika, wakafa kama wawili hivi, afu chumba kikanuka wiki nzima tukahamia kulala sebuleni, na sa hivi naona ndo kwanza wameongezeka. Muuzaji aliniambia hii inamkausha panya, hatoi harufu na anaenda kufia nje. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Naanza na hilo la muuzaji maana nalisikia kila mtaa: hakuna sumu inayomkausha panya, na hakuna inayomfukuza akafie nje. Sumu nyingi za siku hizi zinazuia damu isigande, panya anakula leo, anakufa baada ya siku tatu nne mpaka wiki, na akishaishiwa nguvu anajilaza palepale kwenye kiota chake, yani juu ya kitanda chako. Kwa hiyo darini usiweke sumu tena, weka mtego.

Hao wa darini ni panya wa paa, mwembamba, mkia mrefu kuliko mwili, anapanda ukuta na waya wa umeme kama ngazi. Toka nje mchana uangalie nyumba vizuri: kuna tawi la mti linagusa bati? Likate. Pale bati linapokaa juu ya ukuta kuna mianya? Bomba la sinki linapotokea ukutani je, au chini ya mlango? Panya mkubwa anapita kwenye tundu linaloingia kidole gumba, na kale kadogo ka ndani kanapita pale inapopita kalamu tu. Ukikuta alama nyeusi ya mafuta ukutani ujue hiyo ndo barabara yao, wanapita hapohapo kila siku mpaka manyoya yao yanapaka.

Kuziba sasa. Usizibe kwa tambara wala boksi, meno ya panya yanakua maisha yake yote kwa hiyo lazima atafune, unampa kazi ya dakika tano. Chukua stilwaya ile ya kusugulia sufuria, shindilia kwenye tundu mpaka ibane, afu funika na simenti. Mianya mikubwa ya juu piga wavu wa chuma wenye matundu madogo, sio ule wa kuku, ule panya wadogo wanapita. Hii kazi ongea na mwenye nyumba, tena kwa upole, mwonyeshe ule waya wa friji uliotafunwa, mwambie waya wa namna hiyo ukiwa darini unaweza kuunguza nyumba yake yote.

Mtego wa kubana ndo naupenda kuliko vyote. Panya ni mwoga wa kitu kipya, na hawezi kutapika, kwa hiyo chakula asichokijua anaonja kidogo kwanza, akiumwa hakirudii. Ndo maana sumu inayoumiza haraka inaua wawili afu wengine wanaipita tu. Sasa we weka mitego siku tatu bila kuitega, na chambo juu yake, wale wazoee, siku ya nne tega yote kwa pamoja. Chambo sio lazima nyama, kipande cha nazi kilichochomwa au dagaa mmoja aliyefungwa kwa uzi asinyakuliwe inatosha kabisa. Weka mtego ubavuni mwa ukuta, upande wa chambo uguse ukuta, sio katikati ya dari, na tega mingi, mitano sita, mmoja hausaidii kitu. Mimba yake ni wiki tatu tu na anazaa sita, nane, hata zaidi, ukikamata mmoja kwa wiki hujafanya lolote.

Na unga utoe kwenye mfuko, weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Sufuria za usiku zioshwe, takataka zitoke kabla ya kulala. Panya akikosa chakula kingine, hata chambo chako anakikimbilia.

SWALI: Shangazi, mi ni bibi nalea wajukuu wawili hapa Tanga, mmoja ana miaka miwili. Mwanangu ameleta sumu ya unga mweusi kwenye kifuko cha nailoni, haina jina, anasema ni kali, tuipake kwenye andazi. Naogopa.

JIBU: Dada yangu, uoga wako ni wa haki na naomba usikubali. Toa hicho kifuko nyumbani leo. Mtoto wa miaka miwili akiona andazi chini anaona andazi, haoni sumu. Unga mweusi kama huo mara nyingi ni zinki fosfaidi, ukifika tumboni unatoa gesi inayoua, na hauna dawa yake maalum ya kuuvunja nguvu. Na kwa sababu hauna lebo, mtoto akila hata daktari hatajua anatibu nini. Jirani yangu mmoja aliwahi kupitia hilo, mtoto alipona, lakini mpaka leo nikiliona andazi sakafuni moyo unanilipuka.

Ikitokea mtoto amekula, msimpe maziwa, msimpe mafuta, msimtie kidole atapike, mkimbizeni hospitali hapohapo na pakiti mkononi, hata kama anacheza na anaonekana mzima, maana zile zinazozuia damu kuganda zinaonyesha dalili baada ya siku kadhaa na hizo zina dawa, vitamini K, ikiwahiwa. Kwako nashauri mtego wa kisanduku cha waya, ule panya anaingia hatoki, hauumizi kidole cha mtoto. Na kama siku moja itabidi sumu, iwe ya vipande, yenye lebo na iliyosajiliwa TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, ikae ndani ya kiboksi kinachofungwa. Kuku na paka nao wakila panya aliyekufa kwa sumu wanaweza kudhurika, kwa hiyo mzoga ufukiwe chini.

SWALI: Gundi ya kunasia panya imemnasa mjusi, na kifaranga pia. Nawatoaje? Na kile kifaa cha sauti cha kuchomeka kwenye soketi kinafukuza panya kweli?

JIBU: Mafuta ya kupikia, pakaa taratibu kwa kidole mpaka gundi ilegee, usivute. Kifaa acha, sauti yake haipenyi ukuta wala kabati na panya wanaizoea haraka, hiyo hela nunua mitego.

SWALI: Ni kweli panya analeta homa ya mgunda? Mi nauza mchele, stoo imejaa vinyesi vyao.

JIBU: Kweli kabisa mwanangu. Julai 2022 kule Ruangwa, Lindi, ulipotokea ule ugonjwa wa watu kutokwa damu puani, wagonjwa 20 na watatu wakafariki, Wizara ya Afya ilithibitisha ni homa ya mgunda. Inatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya akiwemo, inaingia kwenye mchubuko, machoni, mdomoni. Panya mwenyewe anaonekana mzima.

Kwa hiyo hivyo vinyesi usivifagie vikavu, vumbi unalivuta. Fungua milango stoo ipate hewa, vaa glavu na viatu vya kufunika, nyunyizia Jik, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika kumi ndo ufute na tambara ulitupe. Magunia yapandishe juu ya chaga, yaache nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta ili uone kinachoendelea nyuma. Mfuko ulioloa mkojo usiuuze, toa. Na ukipata homa na kichwa na misuli ya miguu kuuma, ukifika zahanati waambie unafanya kazi kwenye stoo yenye panya, wasipime malaria peke yake.