Usiulize "Kuna Ngano?": Ninavyokula Nje Mombasa Bila Ngano wala Maziwa

Jumamosi moja jioni nilisimama kwa mama mmoja muuza viazi karai, Mji wa Kale, na njaa yangu ya tangu asubuhi. Nikamuuliza, "Mama, unga huu wa nini?" Akanijibu bila kuinua macho, "Wa dengu, mwanangu. Dengu tupu." Nikaagiza vya shilingi 50. Ile kusubiri, nikamwona anaingiza mkono kwenye mfuko mwingine chini ya meza, anachota konzi moja ya unga mweupe na kuumwaga kwenye bakuli la rojo, kisha anakoroga.

"Na huo, mama?"

"Aa, huo si kitu. Wa chapati kidogo, rojo ishike kiazi."

Hakunidanganya. Kwa akili ya mpishi, konzi moja kwenye bakuli zima ni kama haipo, sawasawa na mtu anayekwambia chai haina sukari kumbe ametia kijiko kimoja. Kwangu mimi konzi ile ni siku tatu za kulala na mto tumboni. Nikamlipa, nikampa viazi mtoto aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, nikaenda zangu. Ila siku ile nilijifunza kwamba kosa lilikuwa langu. Niliuliza swali baya.

Kwa ufupi, habari yangu ni hii. Nina ugonjwa wa siliaki. Watu huuita aleji, nami mkahawani huuita aleji vilevile kwa sababu ndilo neno linalomshtua mpishi, lakini hasa ni kinga ya mwili kujigeuka. Kila nikila gluteni, ile protini iliyo ndani ya ngano, shayiri na ndugu yao wa Ulaya aitwaye rai, mwili wangu huushambulia utumbo wangu wenyewe. Utumbo mwembamba kwa ndani una nyuzinyuzi kama za taulo, ndizo zinazonyonya chakula. Zangu zilikuwa zimelala chapa. Kabla ya kujua hayo nimetibiwa minyoo, amiba, vidonda vya tumbo na homa ya matumbo mara nisizoweza kuzihesabu, na daktari mmoja aliniambia nipunguze mawazo. Damu ilikuwa haipandi hata nile maini kila siku.

Maziwa yalifuatana na ngano. Kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, laktosi, hutengenezwa kwenye ncha za nyuzi zilezile. Zikiharibika, maziwa nayo hukataa. Wako ambao utumbo ukipona hurudia maziwa yao salama. Mimi baada ya miaka miwili nilijaribu bilauri moja ya mtindi baridi, na jibu nililipata kabla ya alasiri.

Jambo moja kabla sijasahau, maana hili watu wengi hulikosea: ukijishuku, usiache ngano kabla ya kupimwa damu. Kipimo hutafuta askari wa mwili wanaopigana na gluteni, na ukishaacha kula ngano askari hao hupungua, kipimo kikatoka safi na wewe ukarudi nyumbani na maradhi yako. Pima kwanza, ndipo uache.

Sasa turudi kwenye maswali. Neno "ngano" halina kazi kwenye jiko la Mombasa. Mpishi akisikia ngano hufikiria gunia la shambani. Kilichoko jikoni kwake ni "unga wa chapati" au "unga wa mahamri". Nimewahi kuapiwa wallahi na mtu mzima kwamba mchuzi hauna ngano, kisha akaniambia ameuzitisha kwa unga wa chapati vijiko viwili. Ukisema "unga" peke yake ndiyo balaa, atadhani unazungumzia ugali. Kwa hiyo mimi husema: unga wa chapati, mkate, tambi, na ule wa paketi wa kuzitishia mchuzi. Navitaja kimoja kimoja kama anayesoma orodha ya duka.

Maziwa ni hivyohivyo. Samli kwake si maziwa, ni samli. Mtindi ni mtindi. Siagi ni siagi. Na kinyume chake pia kipo! Kijana mmoja mhudumu, Mungu amjaalie, aliponisikia nasema sili maziwa aliniondolea wali wa nazi mbele yangu, akasema, "Dada, huu una maziwa ya nazi." Nilicheka mpaka nikakohoa. Tui halina laktosi wala protini ya maziwa ya ng'ombe, na laiti si nazi sijui ningeishi vipi katika mji huu. Lakini hapohapo pana mtego ambao ulinichukua muda kuung'amua: nazi ya unga ya paketi mara nyingi hutiwa kaseini, na kaseini inatoka kwenye maziwa. Siku hizi nikiona tui jeupe mno, laini mno, bila harufu ya nazi, nauliza, "Hii ya kukuna au ya paketi?" Ikiwa ya paketi naomba nisome.

Kwa hiyo niliacha kuuliza kitu, nikaanza kuuliza kitendo. Siulizi "kuna ngano?" Nauliza, "Mchuzi huu umeuzitisha na nini?" "Samaki umempaka nini kabla ya kumkaanga?" "Nyama umeiroweka kwenye nini?" "Karai hili tangu asubuhi umekaangia nini?" Swali la kwanza mtu hulijibu ndiyo au hapana, na kwa adabu zetu za Pwani atakujibu lile unalotaka kulisikia. Swali la pili linamlazimu akumbuke mikono yake ilifanya nini. Na muulize anayepika. Mhudumu hajui, na akienda kuuliza jikoni atarudi na "hakuna shida".

Karai lina hadithi ya peke yake. Bhajia za dengu ni salama zikiwa za dengu tupu, muhogo ni salama, viazi vya chips ni salama, mpaka ukumbuke kwamba mafuta yale yametoka kukaanga sambusa na mahamri. Chembechembe hubaki mle zikielea. Kipimo cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula. Miligramu 20 ni kidogo mno. Ile konzi ya mama wa viazi ni maelfu.

Hapo ndipo nilipopata kanuni yangu ya kula barabarani: namtafuta anayeuza kitu kimoja. Mtu mwenye karai moja na bidhaa moja hana cha kuchanganya. Nenda Lighthouse jioni, kwenye barabara ya Mama Ngina, pale watu wanapopunga upepo na kutazama meli zikiingia. Wauza muhogo wa kukaanga wale wembamba wanakaanga muhogo na muhogo tu, wanautia pilipili ya unga na kuukamulia ndimu, na dafu liko hatua tatu mbele. Mimi hula pale bila kuuliza kitu, raha ambayo mtu mzima wa tumbo hawezi kuijua. Mahindi ya kuchoma, vivyo hivyo. Mayai ya kuchemsha na kachumbari, sawa, ila yule anayeuza mayai pamoja na soseji na smoki nampita kwa sababu kisu ni kimoja, na soseji nyingi zina unga wa kujazia. Kahawa chungu ya dele na tangawizi yake, kunywa mpaka uchoke. Kashata za nazi uliza kwanza, wako wanaotia maziwa. Haluwa hupikwa kwa wanga, na samli imejaa humo, kwa hiyo mwenye tatizo la ngano peke yake aulize wanga huo ni wa nini, na ukiwa si wa ngano ale kwa niaba yangu.

Asubuhi ndiyo wakati mgumu, kwa kuwa mji mzima unakula mahamri kwa mbaazi. Mbaazi za nazi zenyewe hazina neno. Tatizo ni kijiko kinachozunguka, na mikono ya mama inayoshika hamri kisha kushika ukingo wa sufuria. Mimi nimempata wangu wa karibu na nyumbani, naenda na kibakuli changu kabla hajafungua chombo cha mahamri, ananipakulia za juu. Nyumbani nina muhogo wa kuchemsha unanisubiri. Siku nikitaka anasa natafuta vibibi au vitumbua. Hivi asili yake ni mchele ulioroweshwa usiku, ukasagwa na nazi, iliki na hamira, na mkate wa kumimina ni jamaa yao. Siku hizi, lakini, wapo wanaotia unga wa chapati "ili visikatike". Ninayemwamini ni yule ninayemwona akimimina mchele uliosagwa kutoka kwenye blenda mbele yangu. Anayekuja na unga mkavu wa paketi namwuliza maswali. Na mkate wa mofa, ambao zamani ulikuwa wa mtama, usiule kwa kuamini historia. Uliza umechanganywa nini.

Kwenye mikahawa ya Kiswahili nina njia zangu. Samaki wa kupaka ni rafiki yangu mkubwa: tui, ukwaju, thomu, tangawizi, pilipili, na moto. Kuku wa kupaka pia, ila muulize kama amemroweka kwenye mtindi. Mishkaki nauliza hivyohivyo, maana wengine hulainisha nyama kwa papai bichi na wengine kwa mtindi, kisha naangalia jiko lenyewe: mahali wanapopasha nan juu ya chuma kilekile cha nyama, naomba yangu iwekwe pembeni juu ya karatasi ya foili. Wananiona nina madaha. Pilau ni salama mara nyingi, uliza kama ni mafuta au samli. Biriani nimeiaga. Masala yake hupikwa kwa mtindi karibu kila mahali na wali hunyunyiziwa samli, na sijaona haja ya kumsumbua mpishi abadilishe kitu ambacho mtindi ndio roho yake. Kwa Wahindi kuna vyakula vingi vya dengu na mchele, na wengi wao wanaelewa upesi kuliko sisi mtu akisema kitu fulani hakili, lakini jihadhari na mvuje, kile kiungo chenye harufu kali. Ule wa unga wa kopo kwa kawaida umechanganywa na unga mwingine, mara nyingi wa ngano, na hutiwa kwenye dengu na achari bila mtu kuuhesabu kuwa kitu.

Hoteli za watalii, Nyali na kule Bamburi, ndiko wanakolijua neno gluteni. Mpishi atakuja mezani na kofia yake atakupa mkono. Lakini niliwahi kuumwa sana kwenye mojawapo ya hizo, kwa chakula kilichowekewa kibandiko kabisa. Kilikuwa kwenye meza ya kujipakulia. Chakula kilikuwa sahihi, kijiko ndicho kilichokuwa kinasafiri kutoka sahani hadi sahani mikononi mwa wageni. Siku hizi naomba yangu ipakuliwe jikoni, na sijali kibandiko.

Kuliko mahali kote, kugumu ni nyumbani kwa watu. Harusini tunakula wanne wanne kwenye sinia moja. Mwenzako anamega sambusa juu ya wali, chenga zinaanguka upande wako, utasema nini? Mwaka wa kwanza nilijifanya nimeshiba. Mwaka wa pili niliomba sahani yangu, na bibi mmoja wa makamo akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu, "Eh, mwenzetu ameanza kujitenga." Iliniuma kuliko tumbo. Sasa nampigia mwenye shughuli simu siku moja kabla. Simpi somo la utumbo, namwambia tu, "Shangazi, nina maradhi, nitakuja mapema unipakulie kabla sinia hazijatoka." Nakwenda na chombo cha ndizi za nazi nilizopika mwenyewe, za watu wote, si za kwangu. Nakula jikoni na wapishi, na ukweli ni kwamba jikoni ndiko wanakosimuliana habari zenyewe. Futari ya Ramadhani ni nyepesi zaidi, viazi vitamu, muhogo na ndizi vyote ni vya nazi, mradi nikae mbali na bakuli la shurba ya shayiri na kaimati.

Kilichonishinda mpaka leo ni sambusa. Nimejaribu manda za unga wa mchele, zikapasuka. Nimejaribu za muhogo na mchele, zikakubali kukunjwa na kukataa mafuta, nyama ikamwagika karaini. Mwezi uliopita shangazi yangu alinionea huruma, akanitengea bakuli la nyama ya kujazia kabla hajaanza kufunga za wenziwe, na kitunguu chake, giligilani na ndimu. Nikaila kwa kijiko, nimeegemea mlango wa jikoni, namtazama akifunga pembe tatu moja baada ya nyingine.

Mwenye kujua manda isiyopasuka aniambie.