Maswali ya Wasomaji: Nani Alipie Usanifu wa Kuimarisha Jengo la Majitaka?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi katika mji mdogo wa bonde la mto Willamette, jimboni Oregon, Marekani, na mwaka huu nimeteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ya bajeti ya mji wetu. Idara ya maji imetuletea ombi la dola 600,000 kwa ajili ya usanifu tu wa kuimarisha jengo kuu la mtambo wa kusafisha majitaka, ili listahimili tetemeko la ardhi. Kwa fedha hizo hakuna hata boliti moja itakayofungwa. Baadhi ya wenzangu wanasema tusubiri ruzuku ya serikali kuu, wengine wanaitaja ruzuku ya jimbo ya kuimarisha majengo. Je, ni busara kulipia usanifu kabla ya kujua nani atalipia ujenzi, na fedha zenyewe zitoke wapi? (Msomaji, Oregon)

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa uteuzi. Sheria ya bajeti ya Oregon inawaweka wapiga kura wa kawaida katika kamati hiyo kwa idadi sawa na madiwani, kwa hiyo una haki ya kumbana mkurugenzi wa idara kwa maswali kama alivyonayo diwani yeyote.

Nianze na ruzuku ya jimbo, kwa kuwa hiyo tunaweza kuiondoa mezani mapema. Programu ya Oregon ya kuimarisha majengo dhidi ya matetemeko iliwekwa kwa ajili ya shule na majengo ya huduma za dharura, kama vile vituo vya zimamoto, vya polisi na hospitali. Mtambo wa majitaka haumo. Anayeitaja amesikia jina lake bila kusoma masharti yake, na kamati isipoteze kikao kizima kuijadili.

Ruzuku ya serikali kuu ina maelezo marefu zaidi. Shirika la maafa la Marekani, FEMA, lina mfuko wa kupunguza madhara ya maafa unaoitwa HMGP, ambao unaweza kufunguka baada ya rais kutangaza maafa makubwa katika jimbo, na ambao kwa kawaida hulipa asilimia 75 ya gharama huku mji ukitafuta asilimia 25 iliyobaki. Maafa yaliyotangazwa si lazima yawe tetemeko: jimbo lililopatwa na moto wa misitu au mafuriko linaweza kuelekeza fedha hizo kwenye hatari nyingine. Ilianzishwa pia programu ya BRIC ya FEMA hiyohiyo, iliyotokana na sheria ya mwaka 2018, ambayo haikusubiri maafa yatokee kwanza. Mwezi Aprili 2025 FEMA ilitangaza kuifuta, na majimbo kadhaa yakaenda mahakamani kuipinga hatua hiyo. Wenzako wanaosema tusubiri hawana budi kueleza wanasubiri mfuko upi, na kwa masharti gani.

Hata mfuko ukifunguka kesho, mji usio na usanifu hauna cha kupeleka. Mwombaji wa fedha za ujenzi hutakiwa kueleza kazi itakayofanyika, gharama yake, na faida itakayopatikana ikilinganishwa na gharama hiyo. Hayo hayawezi kujazwa na karani wa mji kwa kukisia. Yanatoka kwa mhandisi wa miundo aliyeingia ndani ya jengo, akapima kuta, akasoma michoro ya zamani na kuchora suluhisho walau hadi kiwango ambacho wahandisi hukiita asilimia 30, yaani usanifu wa awali, kabla ya michoro kamili. Kwa hiyo kauli ya kusubiri ruzuku ndipo tusanifu inauzungusha mji palepale, na nimesoma kumbukumbu za vikao vya miji iliyozunguka hivyo kwa miaka.

Njia za kutoka hapo zipo. Ya kwanza ni kuomba ruzuku kwa awamu, yaani FEMA ikubali kulipia usanifu na uchunguzi katika awamu ya kwanza, halafu iidhinishe ujenzi baada ya kuona matokeo. Njia hii ni halali, lakini ni ya polepole, na ina masharti ya kuangaliwa kabla ya kusaini chochote. Mji lazima uwe na mpango wa kupunguza madhara ya maafa ulioidhinishwa, ambao huhuishwa kila baada ya miaka 5. Gharama zilizotumika kabla ya ruzuku kutolewa kwa kawaida hazirudishwi, isipokuwa zile zinazohusu kuandaa ombi lenyewe na zikakubaliwa. Tena ujenzi ukianza kabla ya ukaguzi wa mazingira kukamilika, mradi unaweza kupoteza sifa ya kupewa fedha. Kabla ya kikao kijacho, uliza kama mpango wa mji wenu bado ni hai, na kama jengo hilo limetajwa ndani yake.

Njia ya pili, ambayo mimi ningeitanguliza, ni mkopo wa mfuko unaozunguka wa miradi ya majitaka. Mifuko hii ilianzishwa na marekebisho ya mwaka 1987 ya Sheria ya Maji Safi: serikali kuu huweka mtaji, jimbo huongeza sehemu yake, miji hukopa kwa riba iliyo chini ya ile ya soko, na marejesho hukopeshwa mji mwingine. Huko kwenu mfuko husimamiwa na idara ya jimbo ya ubora wa mazingira, na hukopesha kwa ajili ya mipango na usanifu, si ujenzi peke yake. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliiongezea mifuko hii kote nchini dola bilioni 11.7 kwa kipindi cha miaka 5, na asilimia 49 ya nyongeza hiyo ilipangwa kutolewa kama ruzuku au mkopo unaosamehewa. Mji wenye wakazi wa kipato cha chini hauna sababu ya kutouliza kama bado kuna msamaha unaopatikana.

Kama mji wenu hauzidi watu 10,000, ulizeni pia wizara ya kilimo ya serikali kuu, ambayo ina mikopo na ruzuku za maji na majitaka kwa miji ya vijijini. Mkopo wa WIFIA, ambao ni mkopo wa serikali kuu kwa miradi mikubwa ya maji, mtausikia ukitajwa, lakini kwa miji midogo huanzia miradi ya dola milioni 5, hivyo kwa usanifu peke yake si wenu.

Sasa kuhusu hizo dola 600,000, kwa kuwa bila shaka kuna mjumbe atakayesema kwamba karatasi haziwezi kugharimu kiasi hicho. Mitambo ya majitaka hujengwa mahali pa chini kabisa pa mji, kando ya mto, ili majitaka yafike yenyewe kwa mteremko. Udongo wa kando ya mto, ukiwa umeshiba maji, unaweza kulegea kama uji unapotikiswa kwa muda mrefu, kwa hiyo ni lazima uchorongwe na kupimwa kabla mhandisi hajaamua lolote kuhusu msingi. Kuta za zege nazo hutobolewa ili kujua nguvu halisi ya zege, na wakati mwingine hupigwa picha kwa vifaa vya kutafuta nondo, maana michoro ya miaka ya 1970 huonyesha nondo ambazo huenda hazikuwekwa. Mahali pa kuangaliwa kwa makini zaidi ni pale ukuta unapokutana na paa. Tetemeko la San Fernando, California, la tarehe 9 Februari 1971, liliwaonyesha wahandisi jinsi kuta nzito zinavyoachana na paa za mbao na kuanguka nje, kisha paa likafuata. Tiba yake mara nyingi ni vyuma na boliti za kuufunga ukuta kwenye paa, kazi isiyo ghali sana ikilinganishwa na jengo, lakini hakuna fundi atakayejua aziweke wapi na kwa umbali gani bila hesabu.

Liko pia jambo ambalo mhandisi hapaswi kuachiwa peke yake. Mwongozo unaotumika Marekani kwa majengo yaliyopo, ASCE 41, humtaka mwenye jengo achague kiwango cha usalama anachokitaka: jengo lisiwaangukie watu, hata kama halitatumika tena, au jengo libaki likifanya kazi baada ya mtikisiko. Cha pili ni ghali zaidi, kuanzia usanifu hadi ujenzi. Uamuzi huo ni wa baraza la mji, nao unapaswa kuandikwa kabla ya mkataba wa usanifu kusainiwa, la sivyo michoro itarudiwa. Mpango wa Oregon wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba baada ya tetemeko kubwa la Cascadia, yaani la ufa mkubwa ulio chini ya bahari kando ya pwani yenu, mfano wa lile la Januari 1700, huduma za maji na majitaka katika bonde lenu zingechukua kati ya mwezi 1 na mwaka 1 kurudi. Kwa makadirio hayo, mimi ningechagua kiwango cha pili kwa jengo lenye umeme na pampu, na cha kwanza kwa ghala.

Kwa mwananchi, tuseme mji una kaya 5,000 na mkopo wa dola 600,000 unalipwa kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 2. Kila kaya ingechangia takriban senti 61 kwa mwezi katika ada ya majitaka. Hata hivyo nisingeidhinisha fedha zote kwa mkupuo. Idhinisheni kwanza uchunguzi na usanifu wa asilimia 30, mhandisi alete makadirio ya ujenzi, na sehemu iliyobaki irudi mbele ya kamati pamoja na ombi la ruzuku likiwa tayari.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, najifunza kazi ya kuendesha mtambo wa majitaka jimboni Washington. Kwa nini fedha ziende kwenye jengo wakati majitaka yako kwenye matangi? (Msomaji, Tacoma)

JIBU: Matangi nayo huchunguzwa, ingawa kwa kanuni zake, kwa kuwa maji yaliyomo husukasuka na kuzigonga kuta. Lakini wewe unayeshinda humo unajua kilichomo ndani ya jengo: kabati za umeme, mashine za kupuliza hewa, chumba cha udhibiti, na watu wa zamu. Hewa ikikatika, bakteria wanaosafisha majitaka hawadumu, hata tangi likiwa halina ufa. Mjini Kobe, Japani, baada ya tetemeko la tarehe 17 Januari 1995, mtambo wa Higashinada uliharibika kiasi kwamba sehemu ya mfereji wa jirani ilizibwa ikatumika kama bwawa la muda la kutuamishia majitaka. Katika ukaguzi wako wa kila siku, tazama kama kabati za umeme zimefungwa kwa boliti sakafuni, na kama mabomba yanayopenya ukutani yana viungio vinavyoweza kupinda. Kasoro za namna hiyo mara nyingi hurekebishwa kwa fedha za matengenezo ya kawaida, bila kusubiri mkopo wala ruzuku, ila mwombe mhandisi athibitishe ukubwa wa boliti.